Sura ya Tano: Fikra Mpya na Mapokezi Yake Kazini

Mintarafu ya ubunifu kazini, watu wengi huanza na swali la nani: nani ana kipaji, nani amezaliwa na akili ya kuvumbua, nani aajiriwe ili ofisi ipate uhai. Swali hilo lina haki yake, lakini kwa kadiri nilivyozidi kusoma na kutazama nimeamini kwamba limetangulizwa mahali pasipo pake, kwa kuwa kabla ya kuuliza ni nani aliyeileta fikra yatupasa kuuliza ilipowasili ilipokewaje. Fikra mpya huja kama mgeni asiyejulikana ukoo wake: nguo zake zina vumbi, lafudhi yake si ya mtaani, na mwenyeji asiyempa nafasi barazani hatapata kujua kama mgeni yule alichukua dhahabu au changarawe. Saikolojia ya ubunifu, ambayo tangu katikati ya karne iliyopita imekuwa elimu yenye majaribio na hoja zake, aghalabu husomwa kama elimu ya vichwa vya watu wa ajabu. Mimi katika sura hii nitaisoma kama elimu ya mapokezi.

Mahali pa kuisomea pako karibu. Mtu akiifuata Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wakazi wengi wangali wakiiita Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, akaingia Mikocheni, jijini Dar es Salaam, atakuta nyumba za kuishi zimepakana na ofisi za mashirika, studio za televisheni zimepakana na viwanda, na katikati ya hayo yote kituo cha utafiti wa kilimo ambacho sifa yake imevuka mipaka ya nchi. Maelfu ya watu huingia huko kila asubuhi wakiwa na fikra vichwani, na jioni wengi hurudi nazo vilevile, hawakuzitoa. Sababu za kutozitoa ndizo nitakazo kuzichungua. Lakini kwanza nitaondoka Mikocheni kwa muda, niende hata milima ya Tanga, kwa kuwa sijui kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko kile kilichoanzia huko.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi wa pale walizoea kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa ikigombewa. Mwenzake mmoja, kwa kuchelea kuikosa, akachanganya sukari na maziwa yasiyochemshwa na kuyaingiza, na Mpemba, kwa kuchelea jambo lilo hilo, akayaingiza yake yangali moto. Walipofungua baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa mazito tu, bado ya kumiminika. Akamwuliza mwalimu sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa na kwamba jambo hilo haliwezi kuwa. Baadaye akasikia kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga kwamba yeye huyaweka maziwa jokofuni yakiwa moto kwa sababu huganda upesi. Yaani ujuzi ambao darasa liliukanusha ulikuwa ukitumika kuchuma riziki sokoni.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii mwalimu akalipa swali lake jina la dhihaka, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walisema kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Lau kijana huyu angekuwa na moyo mwepesi, habari ingeishia hapo. Lakini alikuja shuleni mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza lile lile. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakujibu kuwa ni kweli wala kuwa ni uongo. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Fundi wake wa maabara alimletea habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na jambo lile likaingia vitabuni kwa jina la kijana wa Magamba.

Wataalamu wangali wakibishana. Aristotle aliligusia jambo hili zamani, na Francis Bacon na Descartes baada yake. Na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba lipo. Lakini kwa haja yetu hapa hukumu ya maji si kitu. Kilicho kitu ni tofauti ya watu watatu walioisikia habari moja: mwalimu alikuwa na jibu kabla ya swali kukamilika, fundi aliona kwa macho yake na bado akaona macho yake ndiyo yenye kosa, na Osborne alitenga muda kidogo, maji kidogo na baridi kidogo ili ajue. Gharama ya adili ile ilikuwa ndogo mno hata naona haya kwa ajili ya ofisi zetu, ambazo hutumia fedha nyingi kuwapeleka watu semina za ubunifu na hazina saa moja ya kulijaribu swali la mfanyakazi wao.

Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini, akitazamia kukuta kwamba vikundi vilivyo bora vina makosa machache ya kutoa dawa. Hesabu zikamletea kinyume: vikundi vilivyosifiwa kwa uongozi mwema ndivyo vilivyoandikisha makosa mengi zaidi. Alipozidi kupekua akatambua kwamba vikundi vile havikuwa na makosa zaidi. Vilikuwa na ndimi zilizofunguka zaidi, maana muuguzi aliyekosea alisema, na aliyeona kasoro alisema, na aliyekuwa na shaka aliuliza. Mwaka 1999 alitoa utafiti mwingine, wa vikundi vya wafanyakazi katika kampuni ya viwanda, na hali hiyo akaipa jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kuliita usalama wa nafsi: imani ya mtu kwamba hataaibishwa mbele ya wenzake kwa kuuliza, kwa kukiri au kwa kupendekeza.

Hapa msomaji wa pwani ataniuliza: na heshima je? Swali hili ni zito, wala sipendi kulipita mbio kama wafanyavyo waandishi wa vitabu vya uongozi, ambao huhubiri kwamba mfanyakazi na awe jasiri, ampinge mkuu wake hadharani, amwite kwa jina lake la kwanza, kana kwamba adabu ndiyo iliyoua fikra. Sisi tumelelewa tukimwamkia mkubwa kabla ya kusema naye, na mtoto aliyekatiza maneno ya wazee amekosa malezi. Tabia hiyo haivuliwi mlangoni pa ofisi kama viatu, wala sioni kwa nini ivuliwe. Lakini katika vikao vingi vya kazi nimeona kitu kingine kikijivika joho la heshima, nacho ni woga. Mkuu anapotoa rai, meza nzima hunyamaza. Mmoja husema, “Nakubaliana nawe, Mzee,” wa pili hurudia, na yule aliyejua kwamba rai ile ina kasoro hukaa kimya, kisha huisema kasoro hiyo jioni kituo cha daladala, mahali ambapo haitamsaidia mtu. Heshima ya kweli ingemfanya aseme, kwa sababu kumwacha mkubwa aende na kosa lake ni kumdharau.

Na adabu yetu yenyewe ina mlango wa kupitia. Mdogo husema, “Samahani Mzee, naomba kuuliza,” na mkubwa mwenye busara hujibu, “Sema, mwanangu.” Maneno hayo machache ni mkataba mzima: mdogo amekiri cheo, mkubwa ametoa idhini, na baada ya idhini ile mdogo hawezi kulaumiwa kwa alilosema. Barazani na misikitini, katika vikao vya harusi na vya msiba, mkataba huu umetumika tangu zamani, na wazee wengi walishauriwa kwa njia hiyo na vijana wao bila mtu yeyote kuvunjiwa hadhi. Kinachopungua katika ofisi nyingi ni nusu yake ya pili: vijana wangali wakiomba radhi ya kuuliza, ila wakubwa wamesahau kusema “sema.”

Sasa nirudi Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi, akapitia kazi za mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu. Hakusoma shule ya sanaa. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kitambaa cha wachoraji wala rangi za mirija, alichukua vipande vya hadibodi vya kuzibia dari na rangi ing'aayo ya kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, zikapendwa na wageni, naye akawakusanya jamaa na vijana wa kwao akawafundisha: Simon Mpata, Ajaba Abdallah, Januari Linda, Kasper Tedo na wengineo. Mwaka 1972 askari polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka arubaini, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Miaka minne! Na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wanafunzi wa wanafunzi wake wangali wakifanya kazi pale pale, katika ushirika ulioandikishwa mwaka 1990.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba umaskini ndio uliomfanya mbunifu. Siwezi kukubaliana nao, maana mji ulikuwa na maskini wengi na hadibodi tele. Saikolojia ina maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Karl Duncker, aliwapa watu mshumaa, viberiti na kisanduku kilichojaa pini, akawataka waubandike mshumaa ukutani uwake wima. Wengi walishindwa, kwa sababu kisanduku walikiona kuwa chombo cha kuwekea pini na si kitu kingine. Wengine, waliopewa pini zimetolewa nje na kisanduku kitupu, waliona upesi kwamba chaweza kupigiliwa ukutani kikawa kibao cha mshumaa. Macho yetu hufungwa na kazi ambayo kitu kimezoea kuifanya. Mtu aliyepitia shule ya uchoraji angeiona hadibodi kuwa ni dari na rangi ile kuwa ni ya baiskeli. Tingatinga hakuwa amefungwa na mazoea hayo, na kwa hiyo rangi iliyokusudiwa kung'aa barabarani ikang'aa katika manyoya ya ndege.

Jaribio lile lina mkia wake, nao wawahusu waajiri. Mwaka 1962 Sam Glucksberg aliwaahidi baadhi ya watu fedha wakilimaliza fumbo la mshumaa haraka, na wengine hakuwaahidi kitu. Walioahidiwa fedha walichelewa zaidi. Lakini pini zilipokuwa nje ya kisanduku, na njia i wazi, walioahidiwa fedha ndio waliotangulia. Malipo huuharakisha mwendo katika njia inayoonekana. Pale ambapo njia yenyewe bado haijapatikana, hukaza macho mbele na kuyanyima fursa ya kutazama kando. Nisieleweke vibaya: mshahara ni haki, na mtu mwenye deni la kodi ya nyumba hafikiri vizuri. Nisemacho ni kwamba ofisi haiwezi kununua fikra kwa bei ya kipande kwa kipande, kama inunuavyo tofali.

Teresa Amabile, ambaye ameutumia umri wake wote wa elimu kuchunguza jambo hili, yeye na wenzake waliwaendea wasanii 23 wakachukua kwa kila mmoja kazi kumi alizoagizwa na mnunuzi na kazi kumi alizozifanya kwa ikhtiyari yake, wakawapa mahakimu ambao hawakuambiwa ipi ni ipi. Kwa ustadi wa mkono mahakimu hawakuona tofauti. Kwa ubunifu, kazi za kuagizwa zilishika nafasi ya chini. Mtu aliyepita Oysterbay na kuona picha za tembo, twiga na mlima Kilimanjaro zikijirudia ukuta baada ya ukuta hahitaji kutafsiriwa matokeo hayo. Mnunuzi hutaka kile alichokiona mwaka jana kwa rafiki yake. Mchoraji ana watoto shuleni. Mkono unazidi kuwa hodari na fikra inazidi kulala. Nami sithubutu kuwalaumu mafundi wale, kwa kuwa wamehifadhi ufundi nusu karne bila msaada mkubwa wa mtu. Isitoshe, miongoni mwa picha hizo zinazofanana hutokea moja ambayo mwenyewe aliichora kwa kuipenda tu, ya hospitali iliyojaa watu, au ya mganga, au ya foleni ya mjini, na jicho huitambua kabla akili haijajua sababu.

Maabara ya Mikocheni nayo ilikuwa na kisanduku chake cha pini. Kituo kile, ambacho leo ni tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kilikulia katika mpango wa taifa wa minazi ulioanza mwaka 1979, kisha kikaja kujulikana kwa maradhi ya muhogo. Maradhi hayo ni ya kale katika nchi hii: batobato iliandikwa na wataalamu katika Usambara mwaka 1894, na michirizi ya kahawia ilielezwa na Storey wa Amani mwaka 1936. Ubaya wa michirizi ni kwamba jani laweza kuonyesha dalili hafifu tu na mzizi umekwisha kuoza chini, hata mkulima aliyengoja mwaka mzima huvuna kitu kisicholika. Na kwa kuwa muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, aliyechukua mbegu kwa jirani amechukua na maradhi. Nzi weupe hueneza yaliyobaki. Kwa hiyo mkulima hahitaji elimu ya virusi. Ahitaji kujua kabla ya kupanda kama mbegu aliyoishika ni nzima, na ikiwa si nzima, ina kirusi gani, apate kuchagua aina inayostahimili.

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa mmoja: jani hukatwa shambani, huletwa maabara, vinasaba vyake hupelekwa ng'ambo kusomwa, na jibu hurudi baada ya miezi, wakati mkulima amekwisha kupanda. Hakuna aliyekuwa mvivu katika mnyororo ule. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, na ndiyo sababu kasoro haikuonekana, kwa maana ilikuwa kasoro ya mpango na si ya mtu. Watafiti wa Mikocheni pamoja na wenzao wa Uganda, Kenya na Australia, miongoni mwao Joseph Ndunguru aliyepata kukiongoza kituo hicho na Laura Boykin, walipindua mwelekeo: badala ya jani kusafiri kwenda maabara, maabara isafiri kwenda kwa jani. Walitumia chombo cha kusomea vinasaba kinachoenea kiganjani na kuunganishwa na kompyuta ya mkononi. Katika majaribio ya kwanza wakulima wa nchi tatu walipata majibu ndani ya saa 48. Baadaye, kwa kutumia betri na kifaa kidogo cha kutolea vinasaba, walikaa shambani chini ya mti wakapata jibu kwa muda wa saa tatu.

Chombo kile hawakukiunda wao. Kilitengenezwa Uingereza, na yeyote mwenye fedha angeweza kukinunua. Uvumbuzi wao ulikuwa katika kuuliza kwa nini maabara iwe jengo. Swali la namna hiyo, likitoka kinywani mwa kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, lina sura ya ujinga. Na kama pale mezani hapakuwapo mtu wa tabia ya Osborne, lingekufa likiwa na sura hiyo hiyo.

Yabaki neno la vikao, kwa kuwa hapo ndipo fikra nyingi huuawa kwa nia njema. Mwaka 1953 Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko New York, alieneza desturi ya kukusanya watu mezani wamwage mawazo kwa pamoja bila kukosoana, na ofisi zetu zimeipokea kwa mikono miwili, pamoja na karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi. Kutokukosoana ni jambo zuri. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha watu wanne waliokaa pamoja na wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha wakajumlisha, wakakuta kwamba waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi; na mwaka 1987 Diehl na Stroebe wakaonyesha sababu kubwa, kwamba mmoja anaposema wengine hungoja zamu, na katika kungoja wazo hufifia au huonekana halifai. Katika ofisi ambamo cheo ndicho kinachopanga zamu, hasara hiyo yazidi, maana mdogo hungoja mpaka mwisho, na mwisho muda umekwisha.

Kwa hiyo kama ningeombwa ushauri na mkuu wa ofisi, ningemwambia kwanza kila mtu aandike kimya kwa robo saa, karatasi zikusanywe bila majina, zisomwe kwa sauti na mtu asiye mkuu, naye mkuu aseme baada ya wote. Hayo ni mepesi. Lililo gumu zaidi, ambalo wengi hulianza na kuliacha, ni kurudisha jibu. Wazo lililokataliwa lirudi kwa mwenyewe pamoja na sababu: kwamba lilijaribiwa Jumanne, likagharimu kadha wa kadha, likashindikana hapa na hapa. Mfanyakazi aliyepata jibu la namna hiyo ataleta wazo la pili, lililo bora kuliko la kwanza, kwa sababu sasa anajua kitu ambacho hakukijua. Bali yule ambaye karatasi yake iliingia katika faili na isionekane tena, hata pasiwepo mtu aliyemcheka, amekwisha kujifunza kutokuandika.